Mpaka Aliouonyesha Dada

Msinione nafoka. Dada yangu mkubwa alijipalia makaa mwenyewe, tena kwa kunyoosha mkono mkutanoni, na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake nikimpigia makofi.

Ni fundi cherehani. Watu humwita Mama Saini, kwa sababu kwa miaka tisa amekusanya saini za kuomba daraja. Droo ya cherehani yake haina vifungo, ina daftari la majina na alama za dole gumba. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, hupimwi kiuno kabla hujatia saini. Tulikuwa tukimtania kwamba hata marehemu wamo, na kweli wamo, maana walitia saini wakiwa hai wakafa wakisubiri.

Daraja alilitaka kwa ajili ya mjukuu wake. Mama wa mtoto alituachia huyo mtoto akiwa mchanga. Mtoto ana mguu mmoja uliokataa kukua, anatembea kwa magongo, na shule iko ng'ambo ya mto. Mto wenyewe si wa kutisha, maji ya magotini tu, lakini chini ni mawe matupu yenye utelezi na magongo hayana pa kushika. Basi kila asubuhi Dada alimbeba mgongoni, akamvusha, akarudi kushona, mchana akaenda kumchukua. Darasa la kwanza ilikuwa kama mchezo. Mtoto alipofika la sita, Dada ana miaka sitini na mbili, na miguu ya mtoto inaburura majini.

"Bibi, mimi mzito," anasema.

"Nyamaza. Mzito gunia," Dada anamjibu.

Ndipo zikaja habari kwamba jimbo letu ni kubwa mno, litagawanywa. Nderemo mtaa mzima! Tutapata mbunge wetu wenyewe! Mabwana watatu wa tume ya uchaguzi walikuja wakaitisha mkutano, wakauliza mpaka upite wapi. Walitaka kitu kinachojulikana na kila mtu, kisichohama. Huyu akataja barabara, yule akataja mnara wa simu. Dada akanyoosha mkono.

"Mto," akasema. "Twendeni niwaonyeshe."

Njiani alininong'oneza hesabu yake. Wakiuona, wakauvuka kwa miguu yao, wakauandika kwenye ramani ya serikali, nani tena atasema haujui? Akawavua viatu wote watatu. Mmoja aliteleza akalowa mpaka kiunoni, na Dada, jamani, alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Yule bwana akakamua suruali yake, akasema, "Mama, kweli huu ndio mpaka." Akauandika papo hapo.

Ramani ilipotoka, mstari ulipita katikati ya maji. Sisi huku jimbo jipya, shule kule jimbo la zamani.

Dada alichukua daftari lake akaenda kwa mbunge wa zamani. Karani akafunua kurasa mbili tatu, akamwambia, "Hawa si wapiga kura wetu tena, mama. Peleka kwenu." Kwetu mbunge alikuwa bado hajachaguliwa, kulikuwa na ofisa wa muda tu, chumba kimoja, meza moja na kalenda ya mwaka jana. Huyo naye akatueleza, taratibu kama anayefundisha watoto, kwamba jimbo moja haliwezi kujenga kwenye ardhi ya jimbo lingine, na daraja lina pande mbili.

Uvumilivu ukanishinda. "Basi jenga nusu yako, bwana, iliyobaki tutaruka!"

Hakucheka. Dada alinifinya paja. Tulipotoka nje akakaa kwenye ngazi, daftari mapajani, akasema, "Mdogo wangu, ningekaa kimya siku ile. Ningeufunga tu huu mdomo." Nilitaka kumwambia si kosa lake. Sikuweza, kwa sababu nilimpigia makofi.

Mvua zilipoanza, Dada aliteleza. Mtoto alitoka salama, begi ndilo lililolowa. Dada hakuinuka, tulimtoa majini watu wanne. Daktari alisema ni mgongo, alale, asibebe hata ndoo. Mimi nilijaribu kumvusha mtoto siku nne, pumu ikanikatalia. Majirani walimbeba wiki ya kwanza, wiki ya pili kila mtu ana haraka zake. Akakaa nyumbani miezi mitatu, anashona vifungo pembeni ya kitanda cha bibi yake, na mtihani wa mwisho wa mwaka unakuja.

Ukafika uchaguzi. Barabara inaishia ng'ambo, na masanduku ya kura hayaruhusiwi kulowa. Jumamosi lori likaleta vyuma na mbao, mafundi sita wakafunga daraja kabla ya saa sita mchana. Nusu siku! Tena lenye reli za kushika kila upande. Nilipompelekea Dada habari alilia, akataka nimwinue aone dirishani. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, lakini nilimwinua.

Jumapili mtoto akavaa sare. Nikamwambia leo hakuna shule. Akasema anajua. Nikiwa kwenye foleni ya kura nilimwona anavuka, peke yake, magongo yanagonga mbao ko, ko, ko, na machozi yalinitoka mbele za watu bila haya. Alikwenda akachungulia dawati lake dirishani, akarudi anacheka. Wapambe wa mgombea walimbeba Dada kwa kiti mpaka kituoni, wakambeba tena kumrudisha. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na haraka.

Jumatatu mtoto aliamka kabla yangu. Dada, akiwa amelala kitandani, alimchana nywele. Nikamsindikiza.

Daraja halikuwepo. Palikuwa na mashimo manne kwenye matope, na kijana mmoja wa tume ng'ambo akikunja kamba ya mwisho.

"Vifaa vya tume, mama!" akapaza sauti. "Vinarudi stoo!"

Mtoto alitazama maji, akatazama paa la shule kule upande wa pili.

"Wangeniambia jana kwamba wataling'oa," akasema, "nisingerudi."