Niliitikia Salamu Nikiwa Mafichoni Uganda

Jamani, niliiba! Niliiba, nikakimbia nchi, na aliyelala mahabusu kwa ajili yangu ni shemeji yangu Shija, kaka wa mke wangu, mtu ambaye hajawahi hata kuokota embe la jirani.

Tulikuwa tunachimba Rwamgasa, duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, mimi na Shija na wenzetu. Tukapata. Ikabidi mtu apeleke dhahabu Geita mjini ikauzwe. Wenzetu walisita kunikabidhi mimi. Shija akasimama, akasema, "Huyu ni shemeji yangu. Mpeni, mimi nipo hapa."

Akabaki hapo kweli, masikini! Mimi Geita nilipita kama siijui. Nikapanda basi la Chato, nikaunganisha mpaka Bukoba, nikavuka kwa njia za panya pale Mutukula.

Nilijiona mjanja! Dhahabu niliiuza kwa pupa, pesa ikayeyuka, kilichobaki nikafungulia banda la chipsi kwenye kamji fulani upande wa Uganda. Nikajiita Hamisi, mzaliwa wa Tanga. Mimi! Msukuma ambaye lafudhi yake inatangulia mlangoni! Mteja mmoja aliyewahi kuishi Tanga akaniuliza nyumbani ni mtaa gani. Nikamjibu, "Pale karibu na stendi." Alicheka mpaka akapaliwa.

Laini ya simu nilikuwa nimeivunja, kwa hiyo sikujua ya nyumbani. Hapana, naongopa tena. Nilijua watamshika nani. Niliogopa tu kuuliza.

Mchana mmoja wakaja wanaume watatu. Mmoja akaegemea dirisha la banda, akasema taratibu, "Mwadila."

Weee! Salamu ya kwetu ya mchana! Kabla akili haijaamka, mdomo umeshajibu kwa furaha, "Mwadila! Mhola?"

"Mhola duhu, mtu wa Tanga," akasema, yaani salama tu. Alikuwa askari kutoka kwetu. Wenzake wawili, polisi wa Uganda, wakanivisha pingu. Adabu ya mama yangu ndiyo ilinikamatisha!

Mahabusu wa kule wakanifundisha: "Kataa kurudishwa! Mwambie hakimu kwenu watakuua." Nikaanza kuukariri huo uongo. Siku moja yule askari wa kwetu akanipa simu yake. Alikuwa mke wangu.

"Baba Kabula, shikamoo." Nikajua nimekwisha, hajawahi kuniamkia. "Habari za Tanga?"



"Kaka yangu bado yuko ndani," akasema. "Mkewe amejifungua, mtoto hajamwona baba yake. Wewe endelea kukaanga." Akakata.

Hakimu aliponiuliza kama napinga kurudishwa, nilisema, "Sipingi, mheshimiwa. Hata leo!" Wapi! Kukimbia ni siku chache, kurudishwa ni makaratasi ya miezi. Kisha pale Mutukula nikapita lango kuu, askari huku na huku, wakanisaini kama gunia la mchele. Mtu wa njia za panya!

Nilikiri kila kitu. Shija akaachiwa, mimi nikafungwa. Nilimaliza kifungo, sasa niko nyumbani. Mke wangu akinituma chumvi anasema, "Ukifika njia panda kata kushoto, kulia ni Uganda!" Nyumba nzima inaangua kicheko, nami nacheka.

Shija hacheki. Ananisalimu vizuri, ananikaribisha chakula. Lakini mwanawe akinikimbilia, anamwita arudi.

Inaniuma, jamani! Inaniuma kuliko ile pingu!

Wewe unayefunga begi muda huu, lifungue. Nenda kituoni kwa miguu yako, useme. Utafungwa, ndiyo. Lakini aliyekuamini atalala kwake, na siku ukitoka utaweza kumtazama usoni.