Sungura wa Sadaka na Meno Yake

Jirani yangu hapa Lushebere ameweka kizimba cha sungura nyuma ya nyumba yake, karibu kabisa na ukuta wangu. Asubuhi, nikiwa bado na Biblia magotini, ninawasikia wakiguguna miti ya kizimba: kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anayeparua muhogo kwa kisu butu. Wajukuu wangu wanasema sauti hiyo inawachosha. Mimi hushusha miwani na kusikiliza, na somo la siku linasimama pale pale. Nimefundisha watoto kanisani tangu nikiwa msichana, na nimewaeleza watu mambo mengi ya Mungu. Habari ya sungura wangu sijamweleza mtu hata mmoja. Ninyi mnaosoma, nivumilieni.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Tulikaa mlimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapa nilipo leo, tukilima maharagwe na muhogo kwenye shamba lililoinamia bonde. Kila mwaka baada ya mavuno tulikuwa na Jumapili ya sadaka. Siku hiyo kanisa letu la udongo lilinuka maharagwe mapya, vitunguu na mkojo wa mbuzi, na mahubiri yalikatizwa na majogoo waliofungwa miguu chini ya madhabahu. Desturi yetu ilikuwa hii: mnyama jike aliyetolewa hakuchinjwa. Mashemasi walimkabidhi kwa familia moja imlee, na uzao wake wa kwanza urudi kanisani.

Mwaka huo walitupatia sungura. Alikuwa mweupe, na masikio yake yalikuwa na rangi ya majivu. Papa, yaani baba yangu, alimweka mikononi mwangu kwa sababu nilikuwa nimesema zaburi nzima bila kukosea.

“Feza,” aliniambia, “hii njo ya Mungu. Weye utaichunga.”

Nyumbani tulikuwa na simbiliki, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao kila jiko la kwetu linao. Walikimbiakimbia chini ya kitanda cha bibi yangu, tuliyemwita Koko, wakila maganda ya viazi na nyasi tulizowatupia. Mtu yeyote angemweka sungura pamoja nao, ale wanachokula. Sisi tuliona ni aibu.

“Kitu ya Mungu tuipatie maganda?” Mama alisema. “Hapana. Itakula kwa chungu, kama muntu.”

Basi sungura, ambaye watu wote walimwita Sadaka, alilala kando ya moto juu ya koti kuukuu la Papa, na alikula kwenye sahani yake mwenyewe. Nilimpa foufou laini, ugali wetu wa muhogo. Nilimpondea ndizi mbivu. Nilimmenyea maharagwe yaliyoiva, moja moja, nikitupa maganda. Maziwa yakipatikana, alionja kabla yetu. Dada yangu Mapendo, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa akikaa na bakuli lake la muhogo akimtazama.

“Mama,” alisema jioni moja, “Jumapili ingine miye pia munitoe sadaka. Munifunge miguu, muniache kanisani. Labda nitaonja ndizi.”

Koko alicheka mpaka akakohoa.

Sadaka alikuwa na kasoro moja tu. Alipenda kuguguna. Aliguguna miguu ya kitanda cha Koko, aliguguna mwimo wa mlango, aliguguna hata mpini wa jembe la Mama. Niliona haya kwa niaba yake. Mnyama wa kanisa anatafuna mlango kama panya! Nikajitafutia kijiti cha tete, na kila alipoanza, nilimgonga kidogo puani. “Adabu! Weye uko wa kanisa.” Sikumuumiza, nilimgonga kama mwalimu wetu alivyotugonga sisi vidole. Baada ya wiki chache aliacha kabisa. Akawa anakaa kimya kwenye koti lake, ametulia kama mama Mkristo kwenye benchi la mbele. Papa alinisifu mbele ya wageni. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Mvua kubwa zilipoanza, Sadaka aliacha kumaliza chakula. Kwanza alibakiza maharagwe, kisha foufou. Alisogea kwenye sahani, alitia mdomo, akatoa. Kidevu chake kilikuwa kimelowa kila wakati, na manyoya ya kifuani yalishikana na kunuka maziwa yaliyochacha. Nilipomshika niliuhisi uti wa mgongo kama shanga chini ya ngozi.

“Haiko na hamu,” Mama alisema. “Labda inakumbuka kwao.”

Koko ndiye aliyefikiria kumfungua mdomo. Alimlaza kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akamshika taya kwa vidole vyake vikavu, akainama karibu.

“Yesu wangu! Mukuje muone.”

Meno ya juu yalikuwa yamejipinda kuelekea ndani, kama pembe za kondoo dume. Ya chini yalikuwa yamepanda juu, yamepita mdomo, yakikaribia pua. Koko alibaki na meno matatu tu wakati ule.

“Miaka yote hii natafuta meno yangu,” alisema, “kumbe huyu njo aliyachukua.”

Tulicheka. Naona haya kuandika kwamba tulicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Katika nyumba yetu nilijua mgonjwa wa meno mmoja tu, naye alikuwa Koko. Chakula cha Koko kilipondwa. Kwa hiyo nilizidi kulainisha. Nilikoroga uji mwepesi kama maji, nikampa kwa kijiko, nao ukamwagika pembeni mwa mdomo. Nikasali. Nilikuwa na imani ya mtoto, isiyo na mashaka hata kidogo. Nilifunga chakula cha mchana siku tatu, nikamwambia Mungu sungura ni wake, asimame na mali yake. Alipoendelea kukataa, nilianza kumkasirikia. Siku kumi na moja nilichuchumaa mbele yake na sahani, nikimnyooshea kidole usoni kama Papa Shemasi anavyowaonya walevi. Nilimwambia kuna watoto wanaolala bila kula. Nilimwambia anadharau meza ya Bwana.

Alhamisi moja alipita mganga wa ng'ombe, aliyezunguka milima akiwadunga sindano ng'ombe wa wafugaji. Nilimtia Sadaka kwenye kitunga, nikamfunika na kitambaa, nikashuka mpaka zizini. Wachungaji wa ng'ombe waliniona.

“Papa Dokta, angalia! Huyu mutoto ameleta ng'ombe ya masikio!”

“Iko na maziwa ngapi kwa siku, dada?”

Mganga aliosha mikono, akamtoa Sadaka, akamtazama mdomoni. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya chini.

“Inakula nini?”

“Foufou, Papa. Na ndizi. Na maziwa.”

Wachungaji walijipiga mapaja kwa kicheko.

“Na nyasi?”

“Hapana, Papa. Iko ya Mungu.”

Yeye hakucheka. “Na miti je? Haigugune miti?”

“Ilikuwa inaguguna,” nilijibu, na bado nilikuwa na majivuno kidogo. “Nilikataza. Sasa iko na adabu.”

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko watu wazima wanavyowatazama watoto.

“Mutoto wangu,” alisema, “meno ya sungura haisimamake. Inaota kila siku, sawa kucha zako. Nyasi ngumu na miti njo inayapunguza. Kama hakuna kitu ya kuguguna, inaota tu, inaota, mpaka inafunga mulango.”

Nilimsikia. Sikumwelewa vizuri, au sikutaka. Niliuliza kama anaweza kuyakata. Alichukua koleo alilokatia kwato za ndama, akalifuta, akaniambia nishike masikio. Jino la kwanza lilikatika vizuri. La pili lilipasuka toka juu mpaka kwenye ufizi, damu ikatoka, na Sadaka hakulia. Sungura halii kirahisi. Alitetemeka tu ndani ya mikono yangu, na moyo wake ulipiga kwa kasi hata sikuweza kuhesabu.

“Nimejaribu,” mganga alisema. “Lakini miye niko wa ng'ombe. Umupatie nyasi, tuone.”

Nilipanda mlima nikikata nyasi njiani, nikichagua kila jani. Nyumbani nilimwekea jani moja. Alilinusa. Akalishika kwa upande wa mdomo, na jani likaanza kuingia, polepole, nusu yake ikapotea. Nilikimbia nje kumwita Mama. Tuliporudi jani lilikuwa sakafuni, limelowa, na lina damu.

Ijumaa shavu lake lilivimba. Jumamosi hakusogea tena. Jumapili asubuhi, shemasi alipokuwa akigonga ule mduara wa chuma wa gurudumu tuliotumia kama kengele, nilimkuta amekuwa mgumu juu ya koti la Papa, mdomo wazi. Sikulia. Nilikuwa nimesadiki mpaka dakika ile, na nilipoacha kusadiki hapakuwa na kitu kilichobaki cha kulilia.

Kanisani Papa alisimama kabla ya mahubiri, akasema kwamba sadaka iliyowekwa nyumbani kwake imekufa na kwamba ni kosa lake. Jina langu hakulitaja, wala siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka tulipomzika. Kwa ajili ya hilo namshukuru Mungu kila ninapomkumbuka baba yangu.

Baadaye vita vilikuja mlimani kwetu, tukashuka, tukapanda, tukashuka tena. Shamba lile wanalilima watu nisiowajua. Nimeshukuru kwa mengi ambayo wengine wangeyalilia, na uvumilivu niliupata kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Lakini lile alilolisema mganga kuhusu meno sikuliona zito kuliko mengine, kwa miaka mingi. Niliona nimekosa kwa kutojua, na mtoto asiyejua husamehewa.

Kilichobaki nilikielewa nikiwa na mvi tayari, huko Kashuga, kwenye kambi ya waliokimbia vita, tulipokuwa tukigawa uji kwa watoto. Mama mmoja kijana alikuwa akimkaripia mtoto wake mbele yangu. Mtoto aliutamani uji, alikipeleka kijiko mdomoni mwenyewe, kisha akageuza uso na kutema. “Hataki,” mama aliniambia, machozi yakimtoka. “Anaringa. Kila siku hataki.” Nilimfungua mtoto mdomo. Ulikuwa umejaa vidonda mpaka kooni.

Niliketi chini pale pale kwenye matope, na wanawake wenzangu walidhani ninaugua.

Sadaka hakukosa hamu hata siku moja. Aliisogelea sahani yangu kila jioni, mpaka jioni ile ya Ijumaa, kwa sababu alikuwa na njaa. Na mimi, niliyeufunga mdomo wake kwa kijiti changu na vyakula vyangu laini, nilichuchumaa mbele yake siku kumi na moja nikimfundisha shukrani. Nimelipeleka jambo hili kwa Mungu mara nyingi, na Mungu wangu ni mwema. Lakini kuhusu hili amenyamaza, nami sijamwomba anijibu.