Mtumbwi Uliozikwa Nyangwe

Juzi wageni wapenda historia walifika kwetu Nyangwe, wakapapasa ufa wa mtumbwi wa babu ulioko uani. Walisema ni uzee.

Kiangazi kimoja, nilipokuwa mtoto, babu aliitwa kutengeneza barabara ya Wazungu, huko Kabambare. Kabla ya kuondoka aliujaza mtumbwi mawe, akauzamisha kando ya mto Lualaba. Maji yalibubujika, harufu ya matope na samaki ikapanda. Nilikuwa nimeona bibi akizikwa, kwa hiyo nikaamini babu anazika mtumbwi kwa kuwa harudi tena.

Alipotokomea njiani niliingia mtoni. Nilitoa mawe moja moja, nikachota maji kwa kibuyu mpaka ukaelea, nikaufunga kwenye mti. Nilijiona nimemwokoa. Mto ukapungua, mtumbwi ukabaki mchangani, juani.

Babu aliporudi aliuona ufa.

“Nani alitoa mawe?”

“Ni mimi, babu. Nilitaka urudi.”

Aliupapasa ufa taratibu. “Mutumbwi tunaulaza mu maji, mutoto yangu, jua isiupasue.” Kisha akaniangalia. “Lakini nimerudi.”

Alichonga mwingine. Ule uliopasuka akaubeba nyumbani, na hakuruhusu mtu auchanje kuni.