Divai Niliyoipeleka Ukweni Mungaa

Jamani, msicheke kwanza. Kuna watu wa Mungaa mpaka leo wakikutana nami njiani wanafunika midomo kwa mikono, wazee wazima na mvi zao, na mimi najua wanachokumbuka, ndiyo maana nimeona bora niseme mwenyewe kuliko kusemewa. Aibu niliyoipata siku ile sijapata kuiona tena.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami mwalimu kijana, suruali moja ya kuvaa na moja ya kuringia, nimempenda Yustina, binti wa Mzee Ntandu, mwenyekiti wa kijiji. Siku ya kwenda kujitambulisha, mjomba wangu aliyekuwa mshenga aliniagiza jambo moja tu: "Beba pombe ya asali. Usituletee mengine." Sasa mimi nilikuwa nimetoka semina Dodoma, na huko nilinunua chupa ya divai ya zabibu za kulekule (sikuwahi kuionja, divai nilizoea kuiona mkononi mwa padri tu, tena akinywa peke yake), nikajiambia pombe ya asali kila mtu anapeleka, mimi msomi bwana, nipeleke kitu cha kisomi. Ya asali nikaiacha nyumbani. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Tukapokelewa vizuri, mimi, mjomba na shangazi yangu, shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi, nikatoa chupa yangu kwa madaha. Kizibo kikagoma. Nikakisukuma ndani kwa msumari, kikazama ghafla, divai ikanirukia kwenye shati jeupe utadhani nimetoka kuchinja. Baba mdogo wa Yustina, ambaye hakuwahi kunipenda, akanisogezea kata ya kibuyu.

"Toa sumu, mwalimu."

Kwetu hilo si tusi. Aliyeleta kinywaji hunywa kwanza, ameze mbele ya watu, ndipo wengine wapokee. Lakini kipindi kile haikuwa mzaha, maana mtu mmoja wa kijiji cha Mkiwa alikuwa ameanguka na kufa baada ya kunywa pombe aliyoalikwa, na yule aliyemmiminia alihama na watoto wake wote kabla hata ya matanga kuisha. Nikajaza kata mpaka juu, kama tunavyojaza pombe yetu, nikavuta funda kubwa nikitegemea utamu wa asali.

Mama yangu! Uchachu ulinikamata taya, ulimi ukakauka kama niliyelamba ndizi mbichi, uso ukajikunja wenyewe, na kabla sijajua ninachofanya nikaitema yote, pwaa, katikati ya ua.

"Ametema," akasema baba mdogo taratibu. "Mmeona wenyewe. Kaleta kitu asichoweza kumeza."

Mzee Ntandu akanitazama, akasema kwa upole ulionitisha kuliko kelele: "Mwanangu, kama ni kinywaji, kinywe. Chote." Na mjomba, mtu aliyeletwa pale anisemee, alikuwa anaiangalia baiskeli yake tu.

Hofu yenyewe sasa ilikuwa hapa: mimi mwenyewe sikujua. Divai nzima na divai iliyoharibika ningezitofautishaje, mimi niliyekuwa naionja leo? Na yule aliyeniuzia alitia nini humo, nani alimwona? Nisipokunywa, mimi mchawi, mjomba na shangazi hawatoki salama, na Yustina ndiyo basi tena. Nikanywa. Kata kwa kata, tumbo tupu, mpaka chupa ikabaki na kizibo chake. Masikio yakawaka, vidole vikafa ganzi, moyo ukawa unanidunda kooni, nikasema ndiyo hii, sumu inapanda.

"Jamani nakufa!" nikapiga kelele huku nalia. "Baiskeli yangu mpeni Yustina! Na Yustina asiolewe na bwana shamba!" (Bwana shamba alikuwepo, amekaa kwenye gogo, alikuja kama shahidi wa mzee. Akainama kufunga kamba za viatu.)

Nikamwona shangazi yangu kwa mbali, macho yamejaa ukungu, nikatambaa ili angalau nimfie mikononi, nikamkumbatia magoti, nikalaza kichwa kwenye kanga yake, nikalia kama mtoto, mpaka niliposikia sauti ya shangazi ikitokea upande mwingine kabisa wa ua: "We mtoto! Mwachie mama mkwe wako!"

Kwetu mama mkwe hupishwa njia. Humtazami machoni, hukai alipokaa, sasa mimi nimemlowesha kanga kwa machozi na makamasi. Mama yule alikauka tu, mikono ameiinua juu asiniguse. Nilitamani iwe sumu ya kweli.

Nilizinduka jua limeelekea magharibi, niko juu ya ngozi ya ng'ombe, nyuso zimenizunguka. Nikadhani wananiagua au wananiaga.

"Hajafa," akasema baba mdogo, na nahisi alisikitika kidogo.

Mzee Ntandu akaguna. "Mtu ambaye uso wake hauwezi kuficha hata uchachu, atamlisha nani sumu? Binti tutakupa. Ila mama yake utamlipia mbuzi wa aibu, na pombe ya asali urudi nayo mwenyewe."

Mbuzi nililipa, pombe nikapeleka, harusi ikafungwa. Jioni ya harusi Yustina akaniuliza, anacheka lakini macho yake hayacheki: "Hivi siku ile ulikuwa unanililia mimi, au unaililia roho yako?"

"Wewe, mama. Nani mwingine?" Akaridhika.

Tangu hapo divai sijaigusa. Hata kwenye sherehe wakinimiminia naisogeza kwa jirani, na watu wanadhani bado naogopa sumu. Wala. Naogopa nitalewa, halafu Yustina aniulize tena.