Wiski Yenye Harufu ya Mikoko

Mwezi uliopita niliingia duka moja la vinywaji karibu na stendi ya Kibiti kununua soda, nikamkuta mwalimu kijana amesimama kaunta kwa haya, kama aliyeleta posa.

"Shikamoo, mama. Nataka wiski ya Uskoti. Sijawahi kuinywa, nichagulie ya kuanzia."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nami sijawahi kuionja," alijibu muuzaji, akikaza ushungi wake. "Huwa nanusa tu."

Kwenye kaunta palikuwa na chupa mbili zilizofunguliwa za kuonjeshea wateja. Akazibua ya kwanza, akanusa kizibo. "Hii kama asali." Alipozibua ya pili akafumba macho, kizibo kikabaki puani. Nje makondakta walikuwa wakiita abiria wa Ikwiriri, lakini yeye hakuwapo tena Kibiti.

"Mama yangu alikuwa akikausha samaki kwa kuni za mikoko, kule deltani," akasema taratibu. "Khanga zake zilinukia hivi hivi. Alipofariki tukazifua ili tuzitoe sadaka, harufu ikatoka yote."

Mwalimu akainyooshea kidole ile ya pili. "Basi nipe hiyo."

Muuzaji akaiweka rafuni, nyuma kabisa. "Hii imeshafunguliwa. Chukua ya asali."

Ya asali nayo ilikuwa imefunguliwa. Mwalimu akailipia, akaondoka nayo.

Nimeona wengi wakilewa chupa; mama huyu alilewa kizibo. Tangu hapo nimepita pale mara tatu. Ile wiski haijapungua hata tone, lakini kizibo chake kimeanza kulegea.