Kwa Nini Wajina Wangu Hugonga Meza

Mjukuu wangu alianza kutembea mwezi uleule ng'ombe wangu alipozaa. Kwa hiyo hapa kwangu, upande wa Gakindu, palikuwa na viumbe wawili wasiojua miili yao inaishia wapi. Ndama aligonga hori, akarudi nyuma, akalitazama kana kwamba hori ndilo lililomfuata. Mtoto aligonga mguu wa meza, akautazama vivyo hivyo, halafu akalia.

Nilisoma mpaka sekondari, na elimu ya kiasi hicho ina hatari yake: humfanya mtu awe na maelezo ya kila kitu bila kumpa kazi ya kuyathibitisha. Nilimweleza kila aliyepita njiani. Viumbe wachanga, nilisema, hukua upesi kuliko wanavyojijua. Mwili ni wa leo lakini akili bado inatumia kipimo cha juzi. Wiki iliyopita kichwa kilipita chini ya meza bila shida. Sasa hakipiti, na hakuna aliyemwarifu mwenye kichwa. Tena kichwa chenyewe ni kizito, hutangulia mbele, na miguu hukifuata mbio kama watu walioachwa na lori. Mpaka leo nadhani nilisema kweli. Kosa langu halikuwa katika maelezo. Lilikuwa katika yale niliyoyafanya baada ya kueleza.

Mtoto huyu ni kifungua mimba wa mwanangu, na kwa desturi yetu alipewa jina langu. Jambo hilo lina gharama zake. Akikataa uji, ni mimi niliyekataa. Akigonga ukuta, majirani husema mzee amerudi duniani mapema, hata hakungoja kufa kwanza. Na mama yake hawezi kulipaza jina hilo akiwa na hasira, maana ni jina la baba mkwe, kwa hiyo humwita mtoto Baba. Mimi pia huniita Baba. Ni mwanamke mwenye heshima, hajawahi kunikemea hata siku moja. Akitaka kunikemea, humkemea mtoto.

Anauza viatu sokoni Karatina. Siku za soko alikuwa akiniletea mtoto asubuhi na kumchukua jioni. Mke wangu alishatangulia, na nyumba yangu ilikuwa imezoea kimya kiasi kwamba saa ya ukutani ilionekana mropokaji. Siku za soko ndizo nilizokuwa nikinyoa ndevu.

Jioni moja mama yake alimkuta na nundu kwenye paji la uso. Nikampa maelezo yangu yote, na ndama nikamtaja kama ushahidi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akamwinamia mtoto.

"Baba," akamwambia, "ukizidi kuumia hapa itabidi uende ukae na wenzako kule Karatina. Kuna mama analea watoto, na huyo hana maneno mengi."

Mtoto alikuwa akitafuna kamba ya kiatu changu, hakuonekana kushtuka. Aliyeshtuka ni mimi. Nilijiona nikibaki na ile saa.

Nikaamua kwamba hataumia tena. Niliisukuma meza hadi ukutani. Siku ya soko iliyofuata akagonga kiti, nikakihamisha kiti. Akagonga stuli, nikaipeleka chumbani, kisha nikairudisha kwa sababu alianza kukimbilia chumbani kuitafuta. Kila jioni alipoondoka niliichunguza ajali ya siku hiyo kama polisi wa trafiki, nikakikamata kitu kilichohusika na kukifukuza mahali pake. Kabati likaenda karibu na mlango. Sebule hiyo ilipangwa na marehemu mke wangu, na katika maisha yake hata wageni wa maombi hawakuruhusiwa kugeuza kiti. Ndama naye nilimtundikia magunia, nikapigilia mbao mpya kando ya hori, kisha nikazing'oa na kuzipigilia upande mwingine. Walizidi kugonga, wote wawili. Nilidhani ni kwa sababu sijahamisha vya kutosha.

Ndipo nikaanza kutumia kofia. Nundu ya pili haikuwa kubwa. Niliipaka siagi, nikavuta kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, na mama yake alipofika nikasema baridi ya mlima imeshuka. Mlima ulinisaidia, siku hiyo ulikuwa umefunikwa na wingu. Nundu ya tatu ilikuja siku ya jua kali, kuku wote wakiwa wamejibanza chini ya majani ya migomba, nami nikasema baridi ni ileile.

Mama yake alimtazama mtoto akitokwa na jasho. "Baba, siku hizi unasikia baridi sana," akamwambia.

Nilijibu kwa niaba yake kwamba ndiyo.

Halafu asubuhi moja nilitoka jikoni na kikombe cha chai, nikaelekea kitini kwangu kwa njia niliyoipita miaka yote, na ugoko wangu ukakutana na meza niliyoihamisha tena mwenyewe jana yake. Kikombe kilitangulia, mimi nikafuata. Mtoto aliacha kuchezea sufuria yake akaja kunichungulia.

"Guka, angalia," akaniambia, akiniita babu kwa lugha yetu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwambia yeye kutwa nzima, kwa hiyo alilitamka vizuri.

Nikiwa pale chini, chai ikipoa kwenye shati, nilielewa. Sikuiangalia meza kwa sababu nilijua ilipo. Mtoto naye alikuwa amejifunza chumba hicho, amekikariri kwa magoti na kwa paji la uso, na kila jioni mimi nilikuwa nikifuta somo lote ili kesho aanze upya. Ndama vilevile.

Niliinuka nikaanza kurudisha kila kitu. Alama za miguu ya meza zilikuwa bado kwenye zulia, haikuwa kazi ngumu. Kabati ndilo lililonitoa jasho. Nililisukuma kwa bega, nimeinamisha kichwa, nikijipongeza kwa ugunduzi wangu, wala sikutazama mbele. Mtoto alitoka mbio kuja kunisaidia. Kona ya kabati ilimpata katikati ya paji. Ile ilikuwa nundu kubwa kuliko zote, na safari hii si yeye aliyekigonga kitu.

Mama yake alipobisha jioni, mtoto alikuwa amevaa kofia. Sikumbuki kuamua kumvisha. Mkono wangu nao ulikuwa umekariri njia yake. Nilimtazama mama yake, nikamtazama mtoto, kisha nikaivua kofia mwenyewe na kumweleza yote, ya jua kali, ya siagi, na ya wingu pia.

Nilingoja amwinamie mtoto, lakini hakufanya hivyo. Alinitazama mimi.

"Baba, kuumia si kitu. Hata kwangu hugonga kitanda nikiwa namwangalia. Lakini hii kofia si ya mtoto. Hii ni yako."

Hapo ndipo nilipojua alivyokuwa akinistahi miezi yote ile alipokuwa akiongea na mtoto.

Siku hizi mjukuu wangu yuko kwa yule mama wa Karatina. Naambiwa watoto ni wengi na hugongana wenyewe kwa wenyewe, na hilo linahesabiwa kuwa masomo. Mimi huletewa Jumamosi tu, maana ni siku ya soko na yule mama huwa hafungui. Hakuna kitu kilichohama nyumbani kwangu. Mtoto amekua, kwa hiyo anavigonga vilevile.

Jumamosi iliyopita aligonga mlango wa banda akimfukuza ndama, ambaye alikuwa ameugonga kabla yake. Nilimpigia mama yake simu hata kabla mtoto hajakata shauri kama atalia. Nikamweleza ni upande gani wa paji, nundu ina ukubwa gani, na kwamba yuko kichwa wazi. Nilisikia kelele za soko na mtu akiulizia viatu vya shule. Alimtajia mteja bei, halafu akaniuliza kama mlango umepona.