Televizio ya bantu saba

Leo nilidanganya muuzishaji wa televizio, na sikukusudia.

Aliniuliza: « Papa, ku nyumba muko bangapi? Njo nijue nikupe écran gani. »

Nikajibu: « Saba. »

Njo vile nilizoea kusema. Bibi yangu alikufa, batoto yetu tano bote beko Kolwezi na Kinshasa.

Akanionyesha ya mukubwa sana. Nikasikia haya ya kurudisha neno, nikaikamata. Sasa inafunika nusu ya ukuta.

Zamani tulikuwa na kadogo. Batoto balikuwa banakaa chini mbele yangu, miye napandisha sauti: inamisha kichwa, sioni mupira.

Leo niliona mupira yote, mwanzo mpaka mwisho.

Mwenye iko karibu na Ruashi, apite, akae mbele yangu.